Siku Nilipoiua Sauti ya Baba Mukubwa Shabani

Wenzangu, mkinikuta sokoni Kasongo halafu mtu akapita na pikipiki akaniita "Muua-Sauti!", msishangae na msiulize, geukeni tu upande mwingine kama hamkusikia, maana leo nitawaeleza mimi mwenyewe mpaka mwisho, na nikimaliza naomba mtu asinitazame usoni mpaka chai iishe.

Watu wote wanaiita "ile ya harusi". Lakini aibu yenyewe haikuanzia harusini. Ilianzia kwenye meza yangu, kwa mistari miwili ya programu.

Mnajua kazi yangu ni kuandika programu (na kutengeneza simu, kwa sababu programu peke yake hapa Kasongo hailishi mtu). Si vitu vikubwa: duka la dawa lijue dawa ipi inakaribia kuisha, shule ipange masomo bila walimu wawili kugongana darasani, basi. Sasa rafiki yangu mmoja niliyesoma naye, siku hizi yuko Bukavu, alinitumia kwenye flash masomo ya kompyuta za kwantamu, pamoja na programu ndogo inayojifanya ni kompyuta hiyo ndani ya laptop ya kawaida, ili mtu wa mbali kama mimi naye ajaribu. Nikafungua siku moja mvua inanyesha, wateja hakuna, na tangu siku ile akili yangu haikurudi nyumbani vizuri.

Nitawaeleza kidogo tu, msinikimbie. Kwenye kompyuta zetu hizi kila kitu ndani ni sifuri au moja, taa imezima au imewaka. Ile nyingine ina kitu kinaitwa kyubiti. Unakiweka kwenye sifuri, unakipitisha kwenye amri moja, mstari mmoja tu wa programu, nacho kinaacha kuwa sifuri bila kuwa moja, kinaelea hapo katikati, na ukikisoma kinakupa sifuri au moja kwa bahati, kama sarafu iliyorushwa. Hapo sikuwa na shida, kurusha sarafu najua kuiandika tangu mwaka wa kwanza. Shida ilikuwa mstari wa pili. Ukiandika amri ileile mara mbili, moja chini ya nyingine, halafu ukasoma, inakupa sifuri. Unarudia, sifuri. Unarudia mpaka betri inalia, sifuri. Jamani! Nani amewahi kuchanganya karata mara mbili akazikuta zimejipanga kama zilivyotoka dukani?

Masomo yalisema hivi: njia za kufikia jibu ndani ya kyubiti si bahati tupu, zina alama, nyingine ya kujumlisha na nyingine ya kutoa. Njia mbili zinazoelekea kwenye moja zinakutana, hii ina kujumlisha na ile ina kutoa, zinafutana. Zinazoelekea kwenye sifuri zinasaidiana. Na kumbe ndiyo siri yote ya kompyuta hizo, mwandishi wa programu haiambii mashine "jaribu majibu yote", ila anapanga njia kwa ujanja ili majibu mabaya yafutane yenyewe na lile zuri libaki limesimama. Nikasoma, nikaitikia kwa kichwa. Kichwa kilielewa. Tumbo halikuelewa. Kitu ambacho kingeweza kutokea kwa njia mbili, kinashindwaje kutokea kwa sababu tu njia ziko mbili?

Basi nikawa mtu wa kuelea. Nilikuwa natembea barabarani na nasimama katikati bila kujua, naangalia vumbi la pikipiki mbili likikutana hewani, baiskeli inanipigia kengele sisikii. Mama ananiwekea ugali na mboga ya sombe, naangalia tu mvuke. "Rama, uko hapa ao umetoka?" Nimetoka kweli, Mama, nimetoka kweli.

Ndivyo nilivyofika kwenye harusi ya Yaya Amuri.

Yaya Amuri ni kaka yangu mkubwa, na alikuwa anamuoa Zaina, binti wa Kabambare. Nataka mshike jambo moja kuhusu Zaina. Mama yake alifariki yeye bado wa kubebwa mgongoni, na aliyemlea ni bibi yake, Bibi Mwajuma, mama mzee mwembamba kama ufito, ambaye kwa ajili ya siku hiyo alikubali kupandishwa pikipiki, akafungwa kwa kitenge kwenye mgongo wa dereva asije akaanguka, wakalala Lusangi kwa sababu ya matope, na kesho yake akaendelea. Miaka yote hiyo hakuwa amefika Kasongo. Alikuja kwa jambo moja tu, kumsikia mwanawe mkubwa, Baba Mukubwa Shabani, kaka mkubwa wa baba yake Zaina, akimkabidhi Zaina kwetu mbele ya watu. Na huyo Baba Mukubwa Shabani ana sauti, ndugu zangu! Ile sauti nene inayoanzia kwenye magoti. Akisema "hodi" vikombe vinaitikia.

Mimi nilipewa kazi ya vyombo vya sauti: ampli ya kukuza sauti, mikro moja ya kusemea, spika mbili kubwa za kuazima, yaani bafle, na groupe ya kuwashia umeme nyuma ya jiko. Uwanja wa nyumba yetu, turubai la bache juu, viti chini. Asubuhi nimepiga magoti nyuma ya bafle, naunganisha waya, nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi, na mkono wangu ukasimama hapo hapo. Kujumlisha. Kutoa.

Nikafikiri: nikigeuza waya za bafle moja, nyekundu kwa nyeusi, basi bafle moja ikisukuma hewa nyingine inaivuta. Sauti ileile, alama tofauti. Na mtu akikaa katikati kabisa, sawa sawa na bafle zote mbili, zitamfikia pamoja na zitafutana masikioni mwake. Njia mbili, na kwa sababu ziko mbili, kimya! (Wapiga muziki wanaijua hii kama kosa la mtu mzembe. Mimi niliiona kama mlango wa mbinguni.)

Nikageuza. Ndio huo uamuzi mdogo uliozaa yote yaliyofuata.

Nilitaka kujaribu haraka na kurudisha, wallahi. Nikaweka muziki, lakini muziki una mambo mengi, bafle ya kuume inapiga hiki na ya kushoto inapiga kile, haukufutika, ulikonda tu kidogo. Nilihitaji sauti moja ya mtu mmoja ipite kwenye bafle zote mbili, na ikiwa nene ndiyo bora zaidi. Sasa ni nani pale alikuwa na sauti nene? Nikajiambia, nitaacha hivi hivi mpaka aseme maneno mawili matatu, nisikie, halafu nirudishe. Maneno mawili matatu! Nani atajua?

Wageni wa Kabambare wakafika, na Mama yangu kwa heshima zake zote akawapanga mahali pazuri kuliko pote, katikati, mstari mmoja uliotazamana moja kwa moja na viti vya maharusi. Bibi Mwajuma kiti cha mbele, chenye mto. Watu wetu wa Kasongo wakakaa pembeni, kuume na kushoto. Nami nikaangalia ule mstari wa wageni ulivyonyooka, nikapima kwa jicho bafle hii na bafle ile, na badala ya kushtuka nikasema moyoni, tazama, hata viti vimejipanga.

Shehe aliomba dua kwa mdomo wake, bila mikro, ikapita salama. Tukala. Jua likaanza kulegea, likawa linapenya kwenye matundu ya bache na kudondosha vipande vya mwanga kwenye mabega ya watu, moshi wa jikoni unapita polepole, watoto wameshiba wamelala kwenye mapaja, ile saa ambayo hata nzi hana haraka. Baba Mukubwa Shabani akasimama, akapewa mikro, akakohoa.

Mimi nikaanza kutembea.

Naapa sikujua kama natembea. Nilianzia upande wa kuume, sauti imejaa kama maji kwenye pipa. "Ndugu zetu wa Kasongo, tumekuja na mutoto wetu..." Nikasogea hatua moja kuelekea katikati, sauti ikapungua kifua. Nikasogea tena, ikapungua tumbo. Nikafika nyuma ya mstari wa wageni, na pale, jamani, pale sauti nene ya mtu mzima ikawa kama mbu ndani ya chupa, nyembamba, haina mahali inapotokea, iko ndani ya kichwa changu na haiko popote. Nikavuka kwenda kushoto, ikajaa tena! Nikafumba macho. Nikarudi, ikayeyuka. Nikaenda, ikarudi. Nikawa naenda na kurudi hivyo, kichwa nimekiinamisha upande mmoja, mikono imejifungua yenyewe kama mtu anayeogelea usingizini, na ghafla nikaelewa. Tumbo lilielewa. Mistari yangu miwili, sifuri, sifuri, sifuri, hakuna uchawi na hakuna bahati, ni njia mbili zimekutana mahali pamoja zikiwa na alama tofauti, na mwandishi wa programu ni yule anayechagua nani akae wapi. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. Nilikuwa nacheka peke yangu, meno yote nje.

Nilipofumbua macho, harusi ilikuwa inavunjika.

Huku na huku, kumbe, watu wa Kasongo walikuwa wamesikia kila neno. Baba Mukubwa Shabani alikuwa ameeleza jinsi Zaina akiwa mdogo alivyokuwa anamfukuza jogoo wa jirani kwa mwiko mpaka jirani akamhamisha jogoo, na pembeni zote mbili watu wameangua kicheko, wanapiga mapaja. Katikati wageni hawakusikia jogoo wala mwiko. Walichokiona ni mzee wao amesimama anafungua mdomo na kuufunga, sauti ya mbu, na Kasongo nzima inacheka. Na nyuma yao kijana wa nyumba anacheza macho yamefumbwa.

"Banamucheka nani?" mjomba mmoja wa Zaina akauliza, anageuka huku na huku.

"Banamucheka muzee wetu. Banatucheka siye," mwenzake akajibu.

Mzee mwenyewe alikuwa amesimama kwenye mstari uleule wa katikati, kwa hiyo naye hakuisikia sauti yake kwenye bafle. Akaipiga mikro kwa kidole. Akapaza sauti. Pembeni wakaziba masikio, kwa maana kwao sasa ilikuwa ngurumo, na yeye akaona wanaziba masikio akanyamaza, uso umebadilika rangi.

Hapo mtu mwenye akili angezima kila kitu. Mimi nilikimbilia ampli nikaongeza sauti. (Kwa nini? Msiniulize. Mikono ilikuwa imetangulia.) Na wakati huohuo Baba Mukubwa Shabani, anataka kuhakikisha kama bafle imekufa, akaondoka katikati na kuisogelea ile ya kuume, mikro mkononi, na bafle ikapiga ule mlio, ule wa sindano ndefu, kuku wakaruka, watoto wakaamka wote kwa pamoja wanalia, na sahani ya pilau ya shehe ikaenda chini.

Mjomba akasimama. "Tumesikia vizuri. Kabambare ina njia ya kurudi."

Wakasimama wengine. Yaya Amuri pale mbele, kofia imemwinamia, ananiangalia tu. Afadhali angenitukana.

Nikaona lazima nieleze. Nikaichukua mikro kutoka kwa mzee, nikasimama, na mnajua nilisimama wapi? Katikati.

"Wazee wangu, samahani, si dharau, ni waya! Nimezigeuza waya ili sauti mbili zipingane, moja inasema ndiyo na nyingine inasema hapana, sasa zikifika hapa katikati, hapa mbele ya maharusi, zinakutana na ZINAKUFA!"

Pembeni wakapata maneno yote, na wakashika vichwa. Katikati walipata neno la mwisho tu, kwa sababu nililipigia kelele. Siku ya harusi. Mbele ya maharusi. Zinakufa.

"Ramazani!" Mama alitoka jikoni na mwiko wake mkononi. "Weka iyo kitu chini! Uko na malaria? Weka chini!"

Nikaiweka chini. Ikapiga ule mlio tena kidogo, kama inayonicheka.

Ndipo Zaina alipoinuka. Bibi harusi, na mashela yake yote, na maua ya hina mikononi, aliinuka kwenye kiti chake ambacho desturi inataka akae ametulia kama picha, akavuka uwanja, akapiga magoti mbele ya bibi yake. Nikamfuata kwa macho, na hapo kwa mara ya kwanza nikamwona Bibi Mwajuma. Alikuwa hajasimama pamoja na wengine. Alikuwa amekaa pale pale kwenye mto wake, viganja viwili vimefunika masikio, anaviondoa, anavirudisha, anaviondoa, na machozi yanateremka bila sauti yoyote. Akasema kitu kwa Kibangubangu, lugha ya kwao, polepole.

Zaina akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

"Shemeji, anauliza kama masikio yake yamekufa leo. Anasema aliona mutoto wake anasema, na batu banacheka, na yeye hasikii kitu. Anauliza kwa nini Mungu hakungoja kesho."

Wenzangu. Mimi nilikuwa nyuma ya kiti kile. Muda wote ule niliokuwa naogelea na kucheka meno nje, nilikuwa nyuma ya kiti kile.

Nikaenda nyuma ya jiko nikaizima groupe. Ilipokata, kimya kikashuka juu ya uwanja kama shuka, hata waliokuwa wanagombana wakabaki na midomo wazi. Nikarudi, nikapiga magoti upande wa pili wa bibi, nikasema karibu na sikio lake, "Bibi, unanisikia?"

Akanigeukia.

"Niko nasikia," akasema. "Wewe ni nani?"

"Ni mimi nimeharibu. Masikio yako iko mazima, Bibi. Ni mimi."

Baba Mukubwa Shabani alikuwa amesimama juu yetu, na mimi nilingoja kofi, kwa kweli nilishaliandalia shavu. Badala yake akavuta kanzu yake, akachuchumaa, yule mzee mzima na magoti yake yanalia, akaweka mdomo kwenye sikio la mama yake na akaanza upya. Hakuisema kwa ile sauti ya vikombe. Alinong'ona. Uwanja mzima, Kasongo na Kabambare, tulisimama tukiangalia midomo ya mzee inayotembea na uso wa bibi unaopokea, na hakuna aliyesikia neno. Tuliona anafika mahali pa jogoo, kwa sababu bibi alicheka na kumpiga begani. Halafu tukaona anaendelea, mahali pengine, parefu, na bibi akaacha kucheka, akamshika mwanawe shavu kwa kiganja na hakukiondoa. Watu wa pembeni, waliokuwa wamesikia mara ya kwanza, walishusha macho. Walijua ni wapi. (Baadaye niliambiwa: alikuwa anamshukuru kwa kulea mtoto asiye na mama katika miaka ambayo yeye, mwanamume mwenye nguvu, alikuwa amekimbilia kwenye machimbo. Inasemekana hakuwahi kumwambia.)

Mjomba akakaa. Wengine wakakaa. Mama akaleta pilau nyingine. Ngoma zikapigwa kwa mikono, na harusi ikaenda mpaka jua likazama, na hakuna aliyeniruhusu kugusa hata tochi.

Kabla hawajaondoka kesho yake, Baba Mukubwa Shabani aliniita pembeni. Nikasema sasa ndiyo lile kofi.

"Kijana, ulikuwa unatafuta nini mule ndani ya waya?"

Nikaanza. Nikamwambia kyubiti, nikamwambia sifuri na moja, amri ya kwanza na ya pili, njia zinazofutana. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, kama mtu anayesikiliza bei.

"Na uliipata?"

"Niliipata, Baba Mukubwa. Kabisa."

"Basi vizuri," akasema. "Kati ya batu bote ba jana, mumoja alisikia kitu." Akapanda pikipiki yake akaenda.

Nilirudi kwenye meza yangu, na kweli, tangu siku ile mistari ile ninaisoma kama ninavyosoma jina langu. Nimeshaandika programu kubwa kidogo, ya kutafuta jibu moja kati ya mengi, na inapofika pale majibu mabaya yanapofutana sishangai tena, nasikia tu. Lakini kuna video. Mtu alikuwa anarekodi kwa simu (mtu yupo daima), na imefika Kindu, imefika Bukavu, rafiki yangu wa flash naye ameiona akaniuliza kama masomo yake ndiyo yaliyonifanya hivyo. Mbele kabisa kwenye picha ni Bibi Mwajuma anajifuta macho kwa pembe ya kitenge. Nyuma yake, juu ya bega lake, kuna mtu amefumba macho, mikono imepanuka, anatabasamu kama amelala kwenye maji ya uvuguvugu. Nimeiangalia mara moja tu. Ule ndio uso wangu siku nilipoelewa kitu kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuelewa, na siwezi kuuangalia.

Kwa hiyo nimeapa, na ninyi ni mashahidi. Kuota nitaota, hilo siwezi kuacha, nimejaribu. Lakini sitaweka tena jaribio langu ndani ya maneno ya mtu mwingine. Nikitaka kujua kitu nitafunga mlango wa duka, nitatumia sauti yangu mwenyewe, hii mbaya, na nitaijaribu mpaka ichoke. Na nikianza kuelea mbele za watu, yeyote kati yenu aliye karibu anipige kiwiko, anigeuze, anionyeshe ni nani amekaa mbele yangu.